Sarufi ya Kiitaliano Walthamstow: Waingereza Walipokuwa Wanafunzi wa Lugha

Mwaka 1550 kilichapishwa London kitabu cha kanuni za sarufi ya Kiitaliano, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya Waingereza. Mwaka 1586, yaani miaka 36 baadaye, ndipo kilipochapishwa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiingereza chenyewe. Kwa maneno mengine, Mwingereza aliweza kununua kitabu cha kumfundisha namna nomino za Kiitaliano zinavyogeuka katika wingi kabla hajapata kitabu hata kimoja cha kumweleza sarufi ya lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tumezoea kukiona Kiingereza kikiwa kimekaa kwenye kiti cha mwalimu. Ni lugha ya mitihani, ya mahakama za juu, ya mikataba na ya vitabu vya sayansi. Ni rahisi kudhani kwamba kilizaliwa kikiwa hivyo. Katika makala haya tunakusudia kurudi nyuma hadi karne ya 16, wakati Kiingereza kilipokuwa lugha ya kisiwa kimoja na wasemaji wake wakihangaika kujifunza lugha za wenzao, hasa Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano. Tutamfuata mtu mmoja, mshairi George Gascoigne, aliyekuwa na nyumba katika kijiji cha Walthamstow. Tutaangalia alichojifunza, sarufi ilivyomsumbua msemaji wa Kiingereza wa namna yake, na alichofanya na elimu hiyo. Mwishoni tutauliza habari hiyo inatuhusu nini sisi.

Kijiji kando ya msitu

Leo Walthamstow ni sehemu ya jiji la London, upande wa kaskazini-mashariki, na tangu mwaka 1965 imo katika wilaya ya Waltham Forest. Katika karne ya 16 haikuwa London hata kidogo. Kilikuwa kijiji cha jimbo la Essex, ng'ambo ya mto Lea, kando ya msitu mkubwa. Wafanyabiashara matajiri wa London walipenda kuwa na nyumba huko. Mmoja wao, George Monoux, aliyepata kuwa Meya wa London, aliwajengea maskini wa kijiji hicho makazi na akaanzisha shule mwaka 1527.

Shule za aina hiyo ziliitwa shule za sarufi, na hapa inafaa tusimame kidogo. Neno sarufi katika jina hilo halikuwa na maana ya sarufi ya Kiingereza. Lilikuwa na maana ya Kilatini. Mtoto wa Kiingereza aliingia darasani kukariri kanuni za lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani kwao, na ndiyo iliyokuwa lugha ya elimu, ya kanisa na ya vyuo vikuu. Kiingereza kilikuwa cha sokoni, cha jikoni na cha michezo. Msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma hatahitaji kuelezwa zaidi.

Gascoigne alipitia elimu hiyo. Alisoma Cambridge, akajiunga na Gray's Inn, mojawapo ya vyama vya wanasheria wa London, akapoteza mali nyingi katika kesi na madeni, kisha akaenda Uholanzi kupigana vita akakamatwa na Wahispania. Aliporudi alikuwa mtu mzima asiye na kazi ya kueleweka. Alichobaki nacho ni kalamu na lugha.

Mwezi Septemba 1575 Malkia Elizabeth I alitumbuizwa huko Woodstock kwa hadithi ya mtawa mmoja aitwaye Hemetes. Gascoigne aliichukua hadithi hiyo ya Kiingereza, ambayo hakuitunga yeye, akaifasiri kwa Kilatini, Kiitaliano na Kifaransa, akaiandika vizuri kwa mkono na kumpa Malkia kama zawadi ya mwaka mpya wa 1576. Muswada huo upo hadi leo katika Maktaba ya Uingereza. Una picha ya Gascoigne mwenyewe akiwa amepiga magoti mbele ya Malkia, mkuki mkononi na kalamu sikioni. Maana yake haijifichi: huyu ni mtu anayeomba kazi. Hakuleta dhahabu wala farasi. Alileta uthibitisho kwamba anazijua lugha tatu za kigeni, kwa malkia ambaye mwenyewe alikuwa hodari wa Kiitaliano tangu utotoni.

Tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, akiwa katika nyumba yake ya Walthamstow, nyumba aliyoiita ya kimaskini, Gascoigne alitia saini tabaruku ya shairi lake refu liitwalo The Steele Glas. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepata kazi ya serikali nje ya nchi, akashuhudia jeshi la Wahispania likiuteka na kuupora mji wa Antwerp. Alifariki mwezi Oktoba 1577.

Vitabu alivyokuwa navyo mwanafunzi

Mtu wa wakati wa Gascoigne aliyetaka Kiitaliano alijifunzaje? Wenye uwezo walikwenda Italia wenyewe, hasa Padova na Venezia. Wengine waliajiri walimu, na walimu hao mara nyingi walikuwa wakimbizi. Michelangelo Florio, Mwitaliano aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya dini, alimfundisha Kiitaliano Bibi Jane Grey, yule aliyetangazwa malkia kwa siku chache mwaka 1553, na alimwandikia kanuni za lugha hiyo. Waliobaki walitegemea vitabu.

Kitabu cha mwaka 1550 tulichoanza nacho kiliandikwa na William Thomas, mtu wa asili ya Wales aliyepata kuishi Italia. Kichwa chake kinaeleza shabaha: kanuni kuu za sarufi ya Kiitaliano, pamoja na kamusi ya kumsaidia msomaji kuwaelewa Boccaccio, Petrarca na Dante. Tuone alichoahidi mwandishi. Hakuahidi kumfundisha mtu kuamuru watumishi wala kutawala nchi. Aliahidi kumfikisha kwa washairi na watunzi wa hadithi. Kitabu kilichapishwa tena mwaka 1562 na 1567, ishara kwamba wanunuzi walikuwapo. Thomas mwenyewe hakuona matoleo hayo. Alihusishwa na uasi dhidi ya Malkia Mary, akauawa mwaka 1554.

Mwaka 1578, miezi michache baada ya kifo cha Gascoigne, John Florio, mtoto wa yule mkimbizi, aliyezaliwa London, alichapisha Firste Fruites. Hiki kilikuwa kitabu cha mazungumzo 44 yaliyopangwa katika safu mbili, Kiitaliano upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na kanuni za sarufi zikawekwa mwishoni. Mwanafunzi alianza kwa kusalimia, kuuliza njia, kununua na kuzungumza habari za mji, ndipo akafika kwenye majedwali ya vitenzi. Mwalimu wa lugha wa leo atautambua mpango huo. Mwaka 1598 Florio alitoa kamusi kubwa ya Kiitaliano na Kiingereza, akaipanua mwaka 1611.

Ndani ya Firste Fruites kuna mazungumzo ambamo mhusika mmoja anaulizwa anakionaje Kiingereza. Jibu lake ni kwamba ni lugha itakayokufaa ukiwa Uingereza, lakini ukishavuka bandari ya Dover haina thamani yoyote. Maneno hayo yalichapishwa London, yakauzwa kwa Waingereza, nao wakayasoma ili wajifunze Kiitaliano. Hayakuwa matusi. Yalikuwa maelezo ya hali ilivyokuwa.

Sarufi yenyewe

Sasa tuingie katika sarufi, kwa kuwa ndiko Mwingereza alikotokwa na jasho. Wanachama wenzetu wataona kwamba mengi yaliyomsumbua yeye yasingemsumbua sana mtoto wa Pemba au Lamu.

Jambo la kwanza ni irabu. Kiitaliano, kama Kiswahili, huandika herufi tano za irabu na kuzisoma karibu kama zinavyoandikwa, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Mwingereza hutoka katika lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi na maneno mengi huishia kwa konsonanti. Kwake kila neno la Kiitaliano ni kama lina mkia wa ziada. Naye huelekea kuumeza mkia huo, kumbe ndimo sarufi ilimo.

Jambo la pili ni mgawanyo wa nomino. Kiitaliano kina makundi mawili, yanayoitwa ya kiume na ya kike. Nomino nyingi za kiume huishia kwa -o katika umoja na -i katika wingi. Nomino nyingi za kike huishia kwa -a katika umoja na -e katika wingi. Kitabu ni libro, vitabu ni libri. Nyumba moja ni casa, nyumba nyingi ni case. Hakuna kitu cha kiume ndani ya kitabu wala cha kike ndani ya nyumba. Majina hayo ya jinsia ni lebo tu. Kiini cha mambo ni kwamba nomino huyavuta maneno yaliyo karibu nayo yafanane nayo.

Kitabu kipya ni il libro nuovo. Vitabu vipya ni i libri nuovi. Nyumba mpya ni la casa nuova, na zikiwa nyingi, le case nuove. Neno dogo linalotangulia nomino hubadilika, nomino hubadilika, na kivumishi hubadilika. Sisi tunaita jambo hili upatanisho wa kisarufi, na tunalifanya tangu tukiwa na miaka miwili au mitatu: kitabu kipya, vitabu vipya, mti mpya, miti mipya. Mwingereza hana. Kivumishi chake hakitikisiki, kitu kiwe kimoja au mia. Hata Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia tatu za kisarufi, lakini kufikia karne ya 16 zilikuwa zimekwisha kupotea. Kwa hiyo Mwingereza wa zama za Gascoigne alikuwa akijifunza kutoka kwa mgeni kitu ambacho lugha ya mababu zake iliwahi kuwa nacho.

Jambo la tatu ni tofauti kati ya umbo na upatanisho. Neno poeta, yaani mshairi, huishia kwa -a lakini huchukua upatanisho wa kiume. Neno mano, yaani mkono, huishia kwa -o lakini ni la kike. Mwanafunzi anayetazama mwisho wa neno peke yake huanguka hapo. Nasi tuna mitego ya namna hiyo. Mgeni akijifunza Kiswahili huona kiongozi, kipofu na kijana, akataka kusema kiongozi hiki. Tunamsahihisha: kiongozi huyu amefika. Umbo ni la KI-, upatanisho ni wa A-WA. Walimu wetu wa isimu hutueleza kwamba jinsia za Kiitaliano na ngeli za Kiswahili ni ndugu katika nadharia. Zote mbili ni njia za kuziweka nomino katika makundi kwa kufuata upatanisho wake. Kiitaliano kimeridhika na makundi mawili, Kiswahili kikaongeza mengine.

Jambo la nne ni kitenzi. Katika Kiitaliano nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe: parlo ni ninasema, parli ni unasema, parla ni anasema, parliamo ni tunasema, parlate ni mnasema, parlano ni wanasema. Mwitaliano haoni haja ya kutanguliza mimi au wewe ila anapotaka kutilia mkazo. Nasi hatuioni. Tofauti ni kwamba sisi tunaitia nafsi mwanzoni mwa kitenzi, wao huitia mwishoni. Mwingereza, kinyume chake, lazima ataje nafsi kwa neno la peke yake, na akiingia katika Kiitaliano hurudia mimi, mimi, mimi mpaka msikilizaji amwone mtu wa majivuno.

Hata hivyo Mwingereza wa karne ya 16 alikuwa na nafuu moja ambayo mjukuu wake wa leo hana. Wakati huo Kiingereza bado kilitofautisha wewe na ninyi, na kutumia ninyi kwa mtu mmoja kama dalili ya heshima. Kwa hiyo Kiitaliano kilipomtaka achague kati ya tu na voi, alielewa mara moja kilichokuwa kikiulizwa.

Jambo la tano linawafurahisha zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Katika baadhi ya nyakati zilizopita, kitenzi cha Kiitaliano nacho huingia katika upatanisho na nomino. Kitabu kimeanguka ni il libro è caduto. Nyumba imeanguka ni la casa è caduta. Ile -o na ile -a mwishoni hufanya kazi inayofanana na ki- na i- katika kimeanguka na imeanguka. Kwa msemaji wa Kiingereza hili ni jambo la kukariri kwa uchungu. Kwetu ni jirani aliyevaa nguo nyingine.

Lawama kwa wanafunzi

Usidhani kwamba waliojifunza Kiitaliano walisifiwa na kila mtu. Mwaka 1570 kilichapishwa kitabu The Scholemaster cha Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa Malkia Elizabeth na aliyekwisha kufariki wakati huo. Ascham hakuichukia lugha ya Kiitaliano yenyewe. Aliisifu. Alichochukia ni vijana wa Kiingereza waliokwenda Italia wakarudi na mitindo, dhihaka za dini na tabia alizoziona chafu, pamoja na vitabu vya hadithi za Kiitaliano vilivyofasiriwa na kuuzwa katika kila duka la London. Alikumbusha msemo wa Waitaliano wenyewe kwamba Mwingereza aliyegeuka Mwitaliano ni shetani aliyevaa mwili. Kwa Kiswahili tungesema mwacha asili ni mtumwa, ila Ascham alikuwa mkali zaidi.

Gascoigne aliupata moto huo. Mwaka 1573 alichapisha hadithi ya mapenzi ya bwana mmoja aliyetajwa kwa herufi F. J., iliyotokea katika jumba la kaskazini mwa Uingereza. Watu wakanong'ona kwamba inawahusu watu halisi, wakaona pia ni ya ovyo. Mwaka 1575 aliichapisha upya, na safari hii mambo yote yalitokea Italia, mhusika akawa na jina la Kiitaliano, na mwandishi akadai kuwa ameifasiri kutoka kwa Mwitaliano aitwaye Bartello. Alichokifanya ni kuutumia Uitaliano kama baibui. Kama ni machafu, ni ya kule. Watu wengi leo pia husema mabaya yote yametoka ng'ambo, wakati yalizaliwa uani kwetu.

Alichorudi nacho nyumbani

Lakini tungemhukumu vibaya Gascoigne kama tungeishia kwenye baibui hilo. Tuangalie kazi alizoacha.

Mwaka 1566 tamthilia yake Supposes iliigizwa Gray's Inn. Aliifasiri kutoka I Suppositi ya Ludovico Ariosto, mchezo ulioigizwa kwanza Ferrara mwaka 1509, ambamo bwana na mtumishi hubadilishana majina na watu wote wakadhania yasiyokuwepo. Ariosto aliuandika mchezo huo mara mbili, kwa nathari na kwa ushairi, na Gascoigne aliyatumia matoleo yote mawili. Matokeo yake huhesabiwa kuwa komedia ya kwanza ya Kiingereza iliyoandikwa kwa nathari. Shakespeare aliichukua baadaye na kuifuma ndani ya The Taming of the Shrew. Mwaka huohuo wa 1566 Gascoigne na mwenzake Francis Kinwelmersh walitoa Jocasta. Waliitangaza kuwa ya Euripides, Mgiriki, lakini kwa kweli waliifasiri kutoka kwa Mwitaliano Lodovico Dolce.

Mwaka 1575 aliandika insha fupi ya kanuni za utungaji wa mashairi ya Kiingereza, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika lugha hiyo. Aliiandika, kwa maelezo yake, kwa kuombwa na bwana aitwaye Edouardo Donati, jina la Kiitaliano. Na ushauri wake ni upi? Kwamba maneno ya asili ya Kiingereza ni ya silabi moja, na kadiri mtunzi anavyoyatumia zaidi ndivyo anavyokuwa Mwingereza wa kweli. Yaani mtu aliyetumia miaka kuchezea maneno ya Kiitaliano yenye silabi tatu na nne ndiye aliyetambua wazi kwamba lugha yake ina umbo jingine. Asiyetoka kwao hana cha kulinganisha.

Kisha ikaja The Steele Glas, ile aliyoitabaruku Walthamstow. Imeandikwa kwa mistari yenye mizani isiyo na vina. Mtindo huo Waingereza waliuchukua kutoka Italia miongo michache tu kabla yake. Lakini tazama kilichosemwa ndani ya mtindo huo wa kuazima. Mshairi anakikataa kioo cha fuwele, kilichokuwa cha fahari siku hizo na kilichoipa Venezia umaarufu, kwa kuwa kinamwonyesha mtu mzuri kuliko alivyo. Anataka kioo cha zamani cha chuma, kinachoonyesha ukweli. Kisha anaikagua nchi yake: wafalme, askari, mahakimu, wafanyabiashara na mapadri. Mizani ilitoka kwa jirani, lakini waliokemewa na lugha ya kuwakemea vilikuwa vya nyumbani.

Hadithi ya lugha hizi haikuishia London. Kisa cha mfanyabiashara wa Venezia na ratili ya nyama kilikuwamo katika mkusanyo wa hadithi za Kiitaliano uitwao Il Pecorone kabla Shakespeare hajakigeuza kuwa mchezo. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alikitoa kwa Kiswahili kama Mabepari wa Venisi. Kutoka Kiitaliano hadi Kiingereza hadi Kiswahili ni mikono mitatu iliyopokezana. Hakuna aliyepoteza lugha yake kwa kupokea, kwa sababu kila mmoja alipokea ili aandike kwa lugha yake.

Sisi je?

Turudi kwetu. Kiswahili nacho kiliandikwa mashairi karne nyingi, kwa hati za Kiarabu, kabla ya kuandikiwa kitabu cha sarufi cha kuchapishwa. Kitabu hicho cha sarufi kilipokuja, kilikuja kwa ajili ya wageni. Mwaka 1850 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu chake cha kuwafundisha Waingereza Kiswahili cha Zanzibar. Mwaka huohuo wa 1870, William Morris, mshairi aliyezaliwa Walthamstow mwaka 1834, alichapisha pamoja na Eiríkr Magnússon tafsiri ya hadithi za kale za Kiaislandi, lugha aliyojifunza kwa rafiki yake huyo. Mwingereza alikuwa bado mwanafunzi, Walthamstow na Zanzibar kadhalika. Mwaka 1944 E. O. Ashton akatoa sarufi yake, iliyojaribu kuyaeleza maumbo ya Kiswahili kwa mantiki ya Kiswahili chenyewe badala ya kuyakata kwa kipimo cha Kilatini.

Wapo wanaoona aibu kwamba sarufi zetu za mwanzo ziliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni. Historia ya Kiingereza inatufariji kidogo. Mzawa haoni haja ya kanuni za lugha anayoiota. Mgeni ndiye anayeuliza kwa nini, na swali lake humwamsha mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muhimu ni kwamba mwenyeji baadaye ashike kalamu. Waingereza waliishika. Sisi pia tuliishika: mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watunzi wa Kiswahili. Tukiiweka kando ya insha ya Gascoigne ya 1575 tunaona kazi ya namna moja, yaani mtunzi anayewaambia wenzake kwamba lugha yetu ina kanuni zake na hizi ndizo. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mjadala mkali ulizuka juu ya mashairi yasiyo na vina. Mashairi yasiyo na vina yaliwahi kuonekana mageni London pia, na leo hakuna anayeuliza kama Shakespeare alikuwa Mwingereza.

Hata hivyo tusijifariji kupita kiasi. Kuna tofauti moja kubwa, na makala haya yangekuwa ya uongo kama tusingeitaja. Gascoigne alichagua Kiitaliano. Italia haikuitawala Uingereza, haikumtungia mtihani wa kidato cha nne, wala haikumfelisha hesabu kwa sababu hakuelewa lugha ya swali. Kiingereza kilifika kwetu pamoja na serikali, na hadi leo mwanafunzi wa sekondari Tanzania huikuta biolojia na kemia ndani yake. Ulinganisho wa haki si kati ya Kiitaliano cha Gascoigne na Kiingereza chetu. Ni kati ya Kiingereza chetu na Kilatini cha shule ya Monoux: lugha ya darasa ambayo si ya nyumbani.

Waingereza waliondokaje huko? Polepole, na kwa hoja. Mwaka 1582 Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule maarufu ya London, aliandika kwamba anakiheshimu Kilatini lakini anakiweka Kiingereza juu zaidi, na akahoji kwa nini elimu isitafutwe kwa lugha ya wenye nchi. Hakutaka Kilatini kifutwe. Alitaka kiache kuwa mlango pekee. Miaka zaidi ya 100 baadaye Isaac Newton alichapisha Principia kwa Kilatini, mwaka 1687. Kitabu chake kuhusu mwanga, Opticks, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1704. Lugha iliyosemwa kuwa haina thamani ng'ambo ya Dover sasa ilikuwa inaeleza namna mwanga unavyopinda. Haikufika hapo kwa majaliwa. Ilifika kwa kufasiri, kutunga, kuandikiwa sarufi na kamusi, na kwa wasomi waliokubali kuonekana washamba kwa kuitumia.

Hitimisho

Hoja yetu basi ni hii. Kujifunza sarufi ya mwingine hakukifanyi chako kiwe duni. Unduni huanza pale mtu anapojifunza asirudi. Gascoigne aliazima vitu vingi Italia: michezo, mizani, hata mwandishi wa kubuni wa kumbebesha lawama. Lakini alivirudisha vyote Walthamstow, akaviandika kwa lugha ambayo wakati huo ilikuwa na soko dogo.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa wanachama. Kila mmoja wetu anayesoma Kifaransa, Kichina, Kiarabu, Kijerumani au Kiitaliano katika idara za jirani aandike, kabla ya kuhitimu, kitu kimoja kwa Kiswahili kutokana na lugha hiyo. Inaweza kuwa hadithi iliyofasiriwa, orodha ya istilahi, au maelezo mafupi ya sarufi yake kwa msemaji wa Kiswahili. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu vitabu vingi vya kujifunzia lugha za dunia vinamchukulia msomaji kuwa Mwingereza. Vinatumia kurasa nzima kumweleza upatanisho, na namna nafsi inavyoweza kukaa ndani ya kitenzi. Sisi hatuhitaji kurasa hizo. Tunahitaji kitabu kitakachotuambia kwamba Kiitaliano kina ngeli mbili tu, kisha kituache tuendelee na safari.